Kiwambo cha Kalervo na Kwale wa Korpinoro

Mzee Kalervo Heikura alikuwa na maadui wawili tu duniani. Wa kwanza ni jirani yake, Viljo Moilanen. Wa pili ni kile kidude cha kufungwa mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio. Kumchukia Viljo alikuwa na sababu, au ndivyo alivyoamini. Kidude alikichukia bure tu, maana hata kukishika hajawahi.

"Kiwambo cha sauti ni cha majambazi wa kwenye sinema," alizoea kusema. "Bunduki ikilia na ilie. Mnyama ameshakufa, inamwamsha nani?"

Sasa hebu mtazame mtu huyuhuyu, siku za mwisho za Agosti, kavaa shati la kanisani, anaendesha gari kilomita sabini kwenda mjini kununua hichohicho kiwambo. Pembeni kakaa mkewe, Irja, mikono kaikunja kifuani. Kwenye kiti cha nyuma imelala bunduki ya marehemu baba yake, imo ndani ya mfuko, zipu imefungwa, na kibali chake kimo mfukoni mwa Kalervo. Ukitaka kujua nani kamgeuza mzee wa watu, muulize Irja.

Mambo yalianza vuli iliyopita. Kwao Kainuu, mkoa wa misitu kule kaskazini, Oktoba ikiingia, watu huacha kila kitu wakaenda msituni kumwinda hirvi, yule mnyama mrefu kuliko farasi mwenye pembe pana kama makoleo. Katika kundi lao Kalervo ndiye mwenye mbwa. Mbwa huyo, Halla, akimpata hirvi humzunguka na kumbwekea asiondoke, naye Kalervo hunyata kuufuata ule mbweko mpaka apate pa kulenga. Wawindaji wa makundi mengine siku hizi wanawafunga mbwa wao kifaa cha shingoni kinachoonyesha walipo. Kalervo hakitaki. Anaye Irja, wanakwenda pamoja mwaka wa sita sasa.

"Huyu mama namchukua anyooshe miguu," alikuwa akiwaambia watu mbele ya mkewe. "Ananionyesha mbwa anabwekea wapi, na mimi namwachia aseme, ajione wa maana."

Ndivyo alivyosema, jamani, na wala hakuwa akidanganya. Aliamini kabisa.

Siku hiyo ya Oktoba Irja alikuwa amevua vifuniko vyake vya masikio ili amsikilize Halla vizuri. Hirvi akachomoza ghafla kwenye misonobari, na Kalervo akafyatua akiwa hatua moja tu kutoka ubavuni mwa mkewe. Hirvi akaanguka. Irja naye akakaa chini, kakishika kichwa kwa mikono miwili. Siku nne masikio yalimlia kama birika linalokaribia kuchemka. Na Irja ni mwanakwaya wa kanisani, mwaka wa thelathini huu, sauti ya pili. Jumapili ile alikaa kwenye viti vya waumini, mdomo kaufumba, kwa sababu noti hakuweza kuisikia.

Aliporudi nyumbani akasema, na akasema mara moja tu.

"Mzee, nisikilize. Ama bunduki yako ivae kiwambo, ama utafute mtu mwingine wa kwenda naye. Mimi masikio yangu ni haya mawili, sina ya akiba."

Kalervo akatia pamba masikioni. Januari akajitia hamnazo. Machi akanuna. Mei akaanza kuwaza ataenda na nani, akakuta hakuna, maana kabla ya Irja aliyekuwa akiandamana naye ni Viljo, na jina hilo nyumbani kwake halitajwi. Ilipofika Agosti, siku mbwa wanaporuhusiwa tena kufanya mazoezi msituni, akasema haya, naenda peke yangu na Halla, kwani nini? Akasimama kandokando ya kinamasi saa tatu nzima, hakusikia kitu. Akarudi jioni bila mbwa, anaulaani upepo.

"Anabweka tangu saa nane," Irja akamwambia, anaanua nguo kwenye kamba. "Kule nyuma ya kilima. Hata mimi niliyesimama hapa namsikia."

Kalervo akaenda kumfuata mbwa. Asubuhi akavaa shati la kanisani. Bila Irja hakuna mawindo ya vuli, hilo alikuwa amelielewa, ingawa kwa nini hasa alikuwa bado hajalijua.

Fundi bunduki wa mjini ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Satu Karppinen, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine, kalamu nyuma ya sikio.

"Lo, Kalervo! Umepotea njia leo?"

"Nimeletwa," Kalervo akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Vizuri. Nani anachagua?"

"Mimi," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Satu akapanga viwambo vitano juu ya kitambaa, virefu na vifupi, vyeusi na vya kijivu. Kalervo alikuja na maneno yake makali tayari, ameyapanga njia nzima. Bahati mbaya Satu akafungua droo akatoa na cha sita, kilichopasuliwa kwa msumeno kutoka mwanzo hadi mwisho ili mteja aone cha ndani. Basi! Mtu aliyetengeneza magreda ya barabara miaka thelathini na tano, umwonyeshe tumbo la chombo halafu atarajiwe kununa? Akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hivi vyumba vyote vya nini?"

"Vya kuichosha ile hewa ya moto," Satu akasema. "Risasi inapita hapa katikati, haigusi kitu. Lakini hewa inayoisukuma, ikitoka yote kwa mpigo, ndiyo inayopiga ule mshindo. Humu inaingia chumba cha kwanza inazunguka, inaingia cha pili inapoa, cha tatu, cha nne. Ikifika nje haina nguvu tena."

"Ah! Ekzosi!"

"Ekzosi hasa."

Kalervo akamgeukia mkewe, kakunja uso. "Miezi kumi ni kiwambo, kiwambo kichwani mwangu. Mbona hukuniambia ni ekzosi?"

"Ningejuaje kwamba ekzosi unazipenda kuliko mimi?"

Satu akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Kuanzia hapo mzee hakushikika. Akauliza kama bunduki italia fyu tu, kama kwenye sinema. Satu akamwambia sinema ni waongo. Italia, na ng'ambo ya ziwa watamsikia, kwa sababu risasi inakwenda kasi kuliko sauti na ule mlio wake hewani hakuna kiwambo cha kuuzuia. Kinachoondoka ni makali, lile pigo linaloingia sikioni. Na vifuniko vya masikio avae vilevile. Akauliza je, shabaha itahama? Inahama, ndiyo, lazima alenge upya. Akauliza kwa nini hiki kizito na hiki chepesi. Hiki chuma, hiki aluminiamu, na hiki cha titani, chepesi na imara, lakini bei yake ilimfanya Kalervo akiweke chini taratibu, maana mkono wake ni wa birika tangu ujana.

"Shika bunduki, ufunge kile kirefu cha mfano kwa hii bangili ya kubania," Irja akaamuru. "Sasa pita katikati ya rafu. Fanya kama uko kwenye misonobari."

Kalervo akapita. Kwenye kona ya pili akaangusha stendi nzima ya kofia.

"Hicho hapana," Irja akasema.

Walichokubaliana mwishoni ni cha aina inayorudi nyuma na kuuvaa mtutu kama soksi, nusu iko mbele ya mdomo na nusu nyuma yake, hata bunduki isirefuke sana. Kalervo akaiinua begani mara saba. Mara ya saba akasema, "Si mbaya," na kwa watu wa Kainuu hiyo ni sifa kubwa sana.

Satu akaomba kibali. Akakisoma herufi kwa herufi, akalinganisha namba na ile iliyochongwa kwenye bunduki, akaandika.

"Kibali hiki cha bunduki kinatosha. Bila hiki nisingekuuzia hata boksi lake. Sasa mtutu wako hauna tredi, yaani mizunguko ya skrubu, za kukifungia."

"Tredi nitachonga mwenyewe. Binamu yangu ana mashine."

Satu akaweka kalamu chini. "Usithubutu. Kwanza sheria: kazi hiyo ni ya mwenye leseni. Pili, tredi ikipinda unywele tu, risasi itagonga ukuta wa ndani, na kiwambo kitaruka hujasema amina."

Kalervo akaupapasa mdomo wa bunduki kwa kidole gumba. Chuma kile baba yake alikipaka mafuta kila Jumapili. "Kuikata bunduki ya mzee. Angesemaje?"

"Baba yako uzeeni alikuwa anasikia?" Irja akauliza.

Kalervo akamkumbuka baba yake kwenye benchi la sauna, lile banda la kuogea mvuke, kiganja nyuma ya sikio, anacheka wenzake wanapocheka, amechelewa kidogo kila mara. Alikuwa hajamfikiria hivyo miaka mingi.

"Chonga," akamwambia Satu.

Kazi ikachukua saa mbili. Satu aliporudi na bunduki wakanywa kahawa wote watatu, dawa ya kuzuia kutu ikikauka, pamoja na vile vimkate vya unga wa rai, nafaka ya kwao, vyenye viazi na matunda mekundu ya msituni ambavyo Irja hasafiri bila kuvibeba. Juu ya kaunta palikuwa na kopo la filimbi ndogo za bati, za kuitia kwale wa msituni. Anayejua kuipuliza, kwale humjibu, akamsogelea mpaka karibu. Kalervo akalitazama lile kopo na uso ukamwanguka.

"Hizo unamuuzia nani siku hizi? Kwale wamekwisha."

"Wamekwisha wapi? Mwaka huu ni wengi ajabu."

"Labda kwenu. Kwetu bonde la Korpinoro lilikuwa limejaa. Tangu nina miaka saba napuliza pale. Sasa mwaka wa sita huu, hata mmoja. Na aliyewamaliza namjua."

Akasimulia, na sauti ikampanda. Yeye na Viljo waliwinda kwale pale pamoja tangu utoto, zamu kwa zamu, na agizo lao lilikuwa moja: wawili watatu kwa mwaka, wengine wabaki wazae. Vuli moja Kalervo akapuliza Septemba nzima, pakawa kimya. Siku ya kugawana nyama ya hirvi, bandani, mbele ya wanaume kumi na mmoja, akamwambia Viljo: mlafi wewe, hukuacha hata wa mbegu. Viljo akachukua fungu lake la nyama akaondoka. Hawajasemeshana tena, na nyumba zao zinatazamana.

Satu alikuwa amemsikiliza kichwa kakiinamisha upande mmoja. Akachukua filimbi kwenye kopo, akaitia kinywani. Kalervo akaona mashavu yanajaa, vidole vinacheza.

"Imeziba hiyo," akasema. "Jaribu nyingine."

Satu akachukua ya pili. Akapuliza kwa muda mrefu zaidi.

"Nayo imeziba! Unauza vitu gani wewe?"

Hakuna aliyecheka. Irja akaweka kikombe chake mezani.

"Mzee, hazijaziba."

"Unasemaje?"

"Zinalia. Tena mlio huo naujua." Irja ni mzaliwa wa Oulu, mtu wa mjini, kuwinda kwale hakuenda hata siku moja. "Ndiye huyo kwale wenu? Huyo kila vuli namsikia nyuma ya sauna. Jana nikianua nguo walikuwa wawili, wanajibizana. Nikadhani ni vindege tu vya kawaida."

Satu akaongea taratibu, anaifuta filimbi kwa kitambaa. "Mlio wa kwale ni mwembamba sana, Kalervo. Ndio wa kwanza kuondoka sikioni. Si wewe peke yako. Wazee wa hirvi wanakuja hapa kutoka kila kijiji, na kila mmoja ananiambia kwake kwale wamekwisha."

Kalervo akabaki kashika mkate ulioumwa nusu. Alilolifikiria kwanza halikuwa sikio. Aliona banda la nyama, na mgongo wa Viljo ukitoka mlangoni na lile fungu lake mkononi. Miaka sita. Akaona aibu kama hajawahi kuona tangu azaliwe, na mbele ya wanawake wawili hakujua auweke wapi uso.

"Kwa hiyo mama," akasema mwishowe, "ule mbweko wa Halla. Wewe hukuwa unanyoosha miguu."

"Mimi nilidhani unajitia hamnazo tu, kama simu inapolia nawe huinuki," Irja akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Nyuma ya duka Satu ana uwanja wa shabaha. Wakaenda kulenga upya. Kalervo akavaa vifuniko, Irja akavaa vyake, akasimama hatua moja kutoka ubavuni mwa mumewe, palepale pa Oktoba. Bunduki ikalia, ndiyo, lakini iliguna zaidi kuliko kupasuka, na bega halikupigwa. Irja akavua vifuniko, akafumba macho, akatoa noti moja ya chini, ndefu.

"Ipo," akasema. "Nitakwenda na wewe."

Risasi tano baadaye shabaha ikawa imekaa sawa. Satu akawasindikiza hadi garini, akamkumbusha kwamba akitoka msituni akifungue kiwambo kikauke, la sivyo unyevu utaula mdomo wa bunduki ya baba yake. Kalervo akaitikia. Halafu akarudi ndani mbio mbio, akanunua na filimbi.

Bunduki wakaifungia kwenye kabati lake la chuma nyumbani, kisha Kalervo akavuka barabara. Hatua arobaini tu, lakini alisimama njiani mara mbili. Viljo, mgane wa miaka sabini, alikuwa uani anapasua kuni. Alimwona, akaendelea kupasua. Kalervo akasimama karibu naye, Irja nyuma yake, akaitia filimbi kinywani, akapuliza kwa nguvu zote.

Viljo akainua kichwa. "Umevuka barabara uje kunitemea mate?"

"Napuliza."

"Unapuliza nini? Hakuna kitu." Akaangusha shoka kwenye gogo. "Hiyo filimbi yako imekufa, kama walivyokufa kwale."

Kalervo akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika magoti, na Viljo akadhani mtu huyu kapatwa na wazimu, hasa alipoona machozi. Ikabidi Irja aeleze: duka, filimbi, sauna, vile vindege. Viljo akamsikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya gogo lake la kupasulia.

"Yaani wapo?"

"Wapo."

"Na mimi nilijua ni wewe," Viljo akasema. "Nilipuliza na mimi mwaka ule. Kimya. Nikasema, Kalervo kawala wote, kisha ananisingizia mimi. Miaka sita nasema hivyo. Hata jana nimesema."

"Umemwambia nani?"

"Paka."

Kalervo akaivua kofia yake, akaivaa tena.

"Viljo. Lile neno la bandani. Nalirudisha."

"Lote?"

"Lote."

"Na ulafi?"

"Ulafi tuuache kidogo. Mkate wa Krismasi wa marehemu mkeo uliumaliza peke yako, mimi nilikuwepo."

Viljo akafuta pua kwa mkono wa shati, akasema tu kwamba jua bado lipo na Korpinoro si mbali.

Wakaenda Korpinoro wote watatu, mikono mitupu, maana msimu wa kwale ulikuwa haujafunguliwa. Irja akakaa katikati, juu ya msonobari ulioanguka, mzee huku na mzee huku. Kalervo akapuliza. Filimbi yake mwenyewe hakuisikia, lakini vidole vilikumbuka: ndefu, ndefu, halafu zile fupi za kukatakata. Akangoja. Irja akainua kidole.

Akapuliza tena. Kidole kikapanda tena, upesi zaidi, na Irja akakielekeza kulia. Mara ya tatu mabawa yakavuma juu ya vichwa vyao, na huo mvumo wazee wote wawili waliusikia. Kwale akatua kwenye tawi, mita sita tu, kishungi kimesimama, koo jeusi. Akafungua mdomo. Koo likamjaa na kutetemeka, mdomo ukafunga, ukafungua tena. Kalervo akautoa ulimi nje kidogo kama anayejitahidi kuuonja ule mlio, asipate kitu. Viljo akamshika Irja mkono wa koti.

"Anaita?" akanong'ona.

Irja akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Machozi yalikuwa yakimtoka yeye sasa. Ndege aliita muda mrefu, wazee wawili wakamtazama akiita.

Kisha huko nyumbani Halla akabweka, mara moja, kwa sauti nene. Kalervo na Viljo wakageuza vichwa kwa pamoja, na kwale akaruka akaenda zake.

"Huyo nimemsikia," Viljo akasema.

"Na mimi."

"Huyo namsikia miaka yote sita. Kila vuli. Nakaa kwenye kituo changu cha kumvizia hirvi, nasema, haya, Kalervo yuko pale." Akatazama tawi tupu. "Huyo fundi wako wa viwambo, anafungua saa ngapi?"

"Saa tatu," Kalervo akasema. "Usisahau kibali."